Dola, Riba na Bei za Zanzibar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila msimu. Huulizwa na wenye maduka wa Darajani na Mwanakwerekwe, wakulima wa karafuu wa Pemba, wenye nyumba za wageni pwani ya mashariki, na wazee wenye watoto Uarabuni. Takwimu zimefika mwisho wa 2025. Si lazima usome kuanzia juu: nenda kwenye swali lako, na pale jibu linapotegemea jengine utaona namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Riba ikipandishwa Marekani, mchele wa Darajani unahusika vipi?

Unahusika kupitia dola. Mwanzoni mwa 2022 riba ya Fed, yaani Benki Kuu ya Marekani, ilikuwa karibu na sifuri. Juni mwaka huo mfumuko wa bei kule ukafika asilimia 9.1, wakati lengo lao ni asilimia 2. Wakapandisha riba mfululizo, na kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Mwenye fedha akiona serikali ya Marekani inamlipa zaidi ya asilimia 5 bila wasiwasi wowote, haoni sababu ya kuziacha fedha zake Afrika au Asia. Anauza sarafu za huku, ananunua dola. Dola ikagombaniwa dunia nzima. Hapa kwetu haikupanda bei tu, hata kuipata ikawa kazi: 2023 na 2024 kulikuwa na wafanyabiashara waliozunguka benki moja hadi nyengine wakitafuta dola za kulipia mzigo.

Sasa chukua kontena la mchele la tani 25, kwa bei ya mfano ya dola 500 kwa tani. Jumla ni dola 12,500. Dola ikiwa shilingi 2,300, kiwango cha kama mwanzoni mwa 2023, mzigo huo ni shilingi milioni 28.75. Ikiwa 2,700, kama ilivyofika 2024, mchele ule ule ni milioni 33.75. Tofauti ni shilingi 200 kwa kila kilo, na bado hajalipwa mchukuzi wa bandari ya Malindi, Unguja, wala gari la kupeleka ghalani.

Lakini safari hiyo ina muda wake. Mzigo ulioko dukani leo ulilipiwa miezi miwili mitatu nyuma. Anayekwambia "dola imepanda jana" huku anakuuzia gunia aliloliingiza zamani anatafuta faida ya haraka. Atajitetea kwamba anahitaji fedha ya kununulia mzigo ujao, na hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Ila dola ikishuka, sijapata kuisikia ikitajwa.

2. Nani anapanga riba yetu? Zanzibar ina benki kuu yake?

Haina. Sarafu na mambo ya benki kuu ni ya Muungano, na mwenye kazi hiyo ni Benki Kuu ya Tanzania, iliyoanza 1966 na yenye tawi Zanzibar. PBZ, yaani Benki ya Watu wa Zanzibar, ambayo watu wengi huichanganya na benki kuu kwa sababu ni ya Serikali, ni benki ya biashara kama nyengine. Kabla ya Benki Kuu, visiwa vilikuwa na rupia yao hadi 1936, kisha vikaingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, na shilingi ya Tanzania ikafuata 1966.

Tangu Januari 2024 Benki Kuu inaongoza sera yake kwa kutangaza kiwango kinachoitwa Riba ya Benki Kuu. Ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 mwezi Aprili 2024, ikashushwa hadi 5.75 Julai 2025. Kamati ya Sera ya Fedha hukutana kila robo mwaka. Kwa upande wake, Serikali ya Mapinduzi ina kodi zake, bajeti yake na bei ya karafuu. Kwa hiyo ukiwa na malalamiko juu ya thamani ya shilingi, anwani ni moja; ukiwa na malalamiko juu ya ada au bei ya kituo cha karafuu, anwani ni nyengine kabisa.

3. Benki Kuu imeshusha riba. Mbona mkopo wangu bado uko asilimia 15 au zaidi?

Kwa sababu kile kiwango cha 5.75 si bei ya mkopo wako. Ni kipimo cha kuongoza riba ambayo benki zinakopeshana zenyewe kwa zenyewe, kwa siku chache. Benki inapokukopesha wewe inaongeza gharama ya kutafuta amana, gharama ya matawi, na hofu kwamba hutalipa. Pia ina mteja mwengine asiyekimbia: Serikali, inayokopa kupitia hatifungani. Mradi hatifungani zinalipa vizuri, meneja wa mikopo hana haraka ya kukubembeleza.

Punguzo la robo asilimia, kama lile la Julai 2025, usitarajie kuliona kwenye marejesho yako. Kama unataka mkopo wa bei nafuu zaidi, dhamana iliyosajiliwa na kumbukumbu za mauzo za mwaka mzima zitakusaidia kuliko mkutano wowote wa kamati.

4. Wanasema mfumuko wa bei umeshuka. Mbona bei hazishuki?

Mfumuko ni kasi ya kupanda. Kitu cha shilingi 2,000 kikipanda kwa asilimia 20 kinakuwa 2,400. Mwaka wa pili mfumuko "ukishuka" hadi asilimia 3, kinakuwa 2,472. Takwimu imeshuka kweli, na wewe unalipa zaidi kweli. Bei za vyakula na mafuta huweza kurudi nyuma. Nauli, kodi ya nyumba na ada za skuli ni nadra mno.

5. Kwa nini mfumuko wa Zanzibar hautoki sawa na wa Bara?

Unapimwa na ofisi tofauti. Zanzibar ni Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, Bara ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na kila moja ina kapu lake la bidhaa. Kapu letu lina chakula kingi kinachoshushwa bandarini. Bara wana mahindi na mpunga wao. Mvua ikiwa nzuri Mbeya, wao wanaihisi kabla yetu. Ndiyo maana mwaka 2023 Bara ilikaa ndani ya lengo la asilimia 3 hadi 5, na sisi tulikuwa juu yake.

Kuna na mambo ya hapa hapa. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, vyombo vidogo havitoki, samaki anapanda bei. Ramadhani ndizi na viazi vikuu vinapanda. Hayo hayana uhusiano na Fed wala na shilingi, na huwa nashangaa yanavyosingiziwa dola. Pemba ina la ziada: bidhaa nyingi hushushwa Unguja kwanza, kisha hupakiwa tena kwenda Mkoani au Wete, na kila upakizi una mwenye kudai chake.

## Dola na shilingi

6. Shilingi inaanguka, halafu inanyanyuka. Kuna mpangilio wowote?

Upo, na ukiujua utapunguza hasara. Nusu ya pili ya mwaka ndiyo yenye dola nyingi. Watalii wanajaa kuanzia Juni, na Bara wanauza tumbaku na korosho, juu ya dhahabu inayouzwa mwaka mzima. Mwezi Machi hadi Mei ni masika: hoteli nyingi za pwani zinafunga au zinapunguza wafanyakazi, mazao yamekwisha kuuzwa, lakini wanaoagiza mafuta na bidhaa wanaendelea kuhitaji dola kama kawaida.

Angalia ilivyokwenda. Dola ilipita shilingi 2,700 mwaka 2024. Desemba mwaka huo ikaporomoka hadi chini ya 2,400, watu wakashangilia. Miezi michache baadaye, wakati wa masika ya 2025, ikarudi karibu na 2,700. Kufikia Septemba na Oktoba ikawa tena chini ya 2,500. Waliokimbilia kununua dola Mei kwa hofu kwamba itafika 3,000 waliumia, na waliodhani Desemba kwamba tabu imekwisha waliumia pia.

Juu ya msimu kuna mambo mengine mawili. Moja ni Fed, ambayo ilianza kushusha riba Septemba 2024 na kufikia Desemba 2025 ilikuwa kati ya asilimia 3.50 na 3.75, hilo limepunguza nguvu ya dola duniani. Jengine ni Benki Kuu yetu, inayouza au kununua dola kwenye soko la baina ya benki pale mtikisiko unapozidi. Inatakiwa ibaki na akiba ya fedha za kigeni isiyopungua miezi minne ya uagizaji, kwa hiyo haiwezi kumwaga dola ili kumfurahisha kila mtu.

7. Mwenye nyumba anadai kodi kwa dola. Inaruhusiwa?

Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja bei au kulazimisha malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na zinatumika Jamhuri nzima, Mji Mkongwe ukiwemo. Kuna wachache walioachiwa, kama vile balozi na mashirika ya kimataifa. Kumiliki dola hakukukatazwa, wala kuwa na akaunti ya dola benki.

Kanuni hazimzuii mwenye nyumba kupandisha kodi kwa shilingi, na baadhi yao walifanya hivyo hivyo: walichukua dola zao, wakazizidisha kwa kiwango cha juu kabisa cha mwaka, wakaandika jawabu kwenye mkataba. Ukipewa mkataba mpya, uliza wamepiga hesabu kwa kiwango gani na cha tarehe gani. Swali hilo pekee linaweza kukuokolea fedha ya maana, hasa kama mkataba unasainiwa masika (tazama swali la 6).

8. Mwanangu yuko Muscat. Fedha anayotuma wakati mwengine inatosha, wakati mwengine haitoshi, na yeye anatuma riali zile zile. Vipi?

Riali ya Omani imefungwa kwenye dola tangu 1973, na tangu 1986 ni riali moja kwa dola 2.60. Haipandi wala haishuki mbele ya dola. Kwa hiyo kinachotikisika ni shilingi peke yake. Akituma riali 50, hiyo ni dola 130. Kwa kiwango cha 2,300 utapokea shilingi 299,000. Kwa kiwango cha 2,700 utapokea 351,000, kabla ya makato. Dirham ya Dubai nayo ni hivyo hivyo. Aliyeko London au Copenhagen hali yake ni tofauti kidogo, kwa sababu pauni na krona zina safari zao mbele ya dola.

Kufungwa huko kuna matokeo mengine. Benki kuu za Ghuba hulazimika kuifuata Fed, ikipanda nao wanapanda. Mwanao akiwa na mkopo wa gari kule, uamuzi wa Washington umemfikia hata kabla haujakufikia wewe.

9. Niweke akiba yangu kwa dola au kwa shilingi?

Jiulize matumizi yako yatakuwa kwa sarafu gani. Unayejenga Fuoni kwa matofali ya hapa na fundi wa hapa, ukiweka dola unacheza kamari usiyoihitaji. Unayekusanya fedha ya Hija hali yako ni nyengine. Riali ya Saudia imefungwa kwa dola, 3.75 kwa dola moja, na malazi ya Makka na Madina yanalipwa kwa riali. Shilingi ikianguka kwa asilimia 15 katika miaka unayokusanya, gharama hiyo imekupanda kwa zaidi ya asilimia hizo hizo bila Msaudia kuongeza hata halala moja. Kwa mtu huyo, kuweka sehemu ya akiba kwenye akaunti ya dola ni jambo la busara.

Usiweke dola chini ya godoro. Noti zilizochakaa au za matoleo ya zamani hukataliwa au hupunguzwa bei dukani kwa mbadilishaji, na moto na mwizi hawaulizi kiwango cha siku.

## Chakula, mafuta na meli

10. India ilifunga mchele, bei ikapanda. Ikafungua. Kwa nini hapa haikushuka mara moja?

India ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote wa mchele duniani. Tarehe 20 Julai 2023 ilizuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati, ikihofia El Niño itapunguza mvua zake, na hasira za wapiga kura wake. Wanunuzi wote wakakimbilia Thailand, Vietnam na Pakistan, na bei ya dunia ikafika juu kuliko wakati wowote tangu 2008. Zuio lilianza kuondolewa Septemba 2024, na mwaka 2025 bei ya dunia ikaporomoka vibaya.

Hapa kulikuwa na sababu tatu za kuchelewa. Dola ilikuwa bado ghali wakati bei ya mchele imeanza kushuka, na kwa hiyo nafuu moja ikaliwa na tabu nyengine (hesabu iko kwenye swali la 1). Pili, waliojaza maghala kwa bei ya juu hawakutaka kuuza kwa hasara. Tatu, na hili halisemwi sana: waagizaji wakubwa wa mchele visiwani ni wachache. Soko lenye wauzaji wachache hupanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi. Serikali hutaja bei elekezi mara kwa mara, lakini kinachoshusha bei ni meli ya mtu wa pili kufunga gati.

Anayekula mapembe, mchele wa bei ya chini, aliumia zaidi kuliko anayekula basmati, kwa sababu zuio liligusa mchele wa kawaida.

11. Na boflo, mkate wetu wa ngano?

Ngano yote tunaagiza. Urusi na Ukraine ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano, na vita vya Februari 2022 viliirusha bei ya dunia kwa miezi kadhaa. Ilirudi chini ndani ya mwaka huo huo. Boflo halikupanda bei sana kwa macho. Lilipungua ukubwa, na halijarudia ukubwa wake.

12. ZURA wanapangaje bei ya mafuta? Nasikia pipa limeshuka duniani, kituoni bado.

ZURA, mamlaka inayodhibiti huduma za maji, umeme na mafuta Zanzibar, hutangaza bei mara moja kwa mwezi. Wanachukua bei ya dunia ya mafuta yaliyokwisha safishwa, si ya mafuta ghafi yanayotajwa kwenye taarifa ya habari, kisha wanaongeza usafiri, bima, kodi na ada, faida ya muuzaji wa jumla na wa rejareja, na kugeuza kwa shilingi. Mafuta unayotia leo yalinunuliwa wiki nyingi nyuma. Ndiyo maana pipa likishuka leo usiende kituoni kesho ukidai haki yako. Ngoja tangazo la mwezi ujao au la ule unaofuata.

Pipa lilipita dola 120 Machi 2022, na sehemu kubwa ya 2025 lilikuwa katika dola sitini na kitu. Ukiona pipa limeshuka kwa nusu na kituoni hakujashuka kwa nusu, kumbuka kwamba kodi na ada nyingi hazishuki pamoja na pipa.

13. Mashambulizi ya Bahari Nyekundu yalituhusu?

Sana. Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walishambulia meli, na kampuni kubwa zikaacha Mfereji wa Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mzigo wa kutoka Ulaya na Uturuki ukarefushwa kwa siku kumi au zaidi. Mzigo wa kutoka India na China haukupita huko, lakini ulipanda nauli hata hivyo: meli zikitumia siku nyingi zaidi baharini, zinabaki chache za kukodi, na makontena matupu hayarudi kwa wakati. Ongeza hapo kusubiri nangani kabla ya kupata gati Malindi, tatizo letu wenyewe la miaka mingi.

## Karafuu, mwani na wageni

14. Karafuu inauzwa nje kwa dola. Mbona dola ikipanda bei ya kituoni haipandi?

Kwa sababu mnunuzi ni mmoja kisheria, ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, na bei hupangwa na Serikali kwa shilingi. Kwa miaka mingi kilo ya daraja la kwanza imekuwa ikinunuliwa kati ya shilingi 14,000 na 15,000. Kwa dola ya 2,300, shilingi 14,000 ni kama dola 6.10. Kwa dola ya 2,700, ni dola 5.20 tu. Bei ya nje ikibaki pale pale, shirika limepata shilingi zaidi kwa kila kilo na mkulima amepata zile zile, huku mchele anaonunua kwa fedha hiyo umepanda. Jambo hili linastahili kuulizwa waziwazi kila bei mpya inapotangazwa.

Upande wa pili nao uelezwe kwa haki. Bei ya karafuu duniani haifuati Fed, inafuata Indonesia. Indonesia inalima karafuu nyingi kuliko nchi yoyote na inazichoma yenyewe kwenye sigara zao za kretek. Mavuno yao yakiharibika wanaingia sokoni kama wanunuzi na bei inaruka. Yakiwa mazuri, nao Madagaska na Komoro wakavuna vizuri, bei inaanguka. Katika miaka ya kuanguka, bei isiyotikisika ya kituoni humkinga mkulima. Kinga hiyo ina maana zaidi Pemba, ambako mavuno makubwa hayaji kila mwaka, na ambako kabla ya kilo moja kufika kituoni umeshamlipa mchumaji kwa pishi, umeshalipa wa kuchambua, na umeshaomba Mungu jua lisikukimbie karafuu zikiwa juu ya majamvi.

Je, uziweke ndani usubiri bei ipande? Bei ikishatangazwa kwa msimu, mara nyingi hakuna cha kusubiri, na karafuu inapungua uzito ikikaa. Anayekushauri kuzivusha kwenda Mombasa anakushauri magendo, na chombo kikikamatwa yeye hatakuwemo.

15. Na mwani?

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza 1989, na kinafanywa zaidi na wanawake. Bei inaamuliwa mbali: Indonesia na Ufilipino wanazalisha mwani mwingi mno, na viwanda vinavyotumia karaginani, unga wa kuzitoshea vyakula uzito unaotolewa kwenye mwani, ni vichache. Shilingi ikishuka thamani, anayeuza nje anafaidi kama ilivyoelezwa swali la 14. Tofauti ni kwamba huku hakuna mnunuzi mmoja kisheria, kwa hiyo kikundi chenye stoo kavu na mwani usiochanganyika na mchanga kina nafasi ya kubishana bei. Asiye na stoo anachukua anachopewa.

16. Uchumi wa Ulaya ukiyumba, hoteli za Nungwi na Paje zitakuwa tupu?

Si lazima. Wageni walizidi 700,000 mwaka 2024, na Ulaya ndiyo inayoleta wengi, licha ya kwamba riba ya Benki Kuu ya Ulaya ilikuwa imefika asilimia 4 Septemba 2023. Wenye uwezo wa kusafiri si wa kwanza kuumia riba ikipanda. Kufikia Juni 2025 riba hiyo ilikuwa imeshushwa hadi asilimia 2.

Linalotugusa haraka zaidi ni yuro mbele ya dola, kwa sababu bei wanayotangaziwa wageni nje bado hupigwa kwa dola. Januari 2025 yuro moja ilikuwa kama dola 1.03, katikati ya mwaka ikawa karibu 1.17. Chumba cha dola 100 kilimgharimu Mtaliana yuro 97, kisha kikamgharimu 85, bila hoteli kutoa punguzo lolote. Mwenye nyumba ya wageni anayelijua hili hakimbilii kushusha bei akisikia Ulaya kuna tabu.

Vita na maradhi ni suala jengine. Februari 2022 watalii wa Kiukraine walikwama hapa Unguja wasijue pa kurudi, na mwaka 2020 ndege zilikatika kabisa. Hapo hakuna sera ya riba inayosaidia.

## Maswali ya pembeni

17. Mimi sichukui wala sitoi riba. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, kwa mlango wa bei. Mchele, mafuta na dola haviulizi una akaunti ya aina gani. Hata kwenye benki za Kiislamu, PBZ ikiwa miongoni mwa zenye huduma hizo, faida ya murabaha (benki inanunua kitu, kisha inakuuzia kwa bei yenye faida, nawe unalipa kidogo kidogo) hupangwa kwa kuangalia soko lilivyo, na soko hilo linaongozwa na Benki Kuu. Tofauti ni kwamba murabaha ikishakubaliwa haibadiliki njiani: bei ni hiyo hiyo hadi mwisho, viwango vikipanda hupandishiwi, na vikishuka hushushiwi. Kwa anayetafuta pa kuweka fedha, mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ilizindua sukuk yake, yaani hatifungani isiyo na riba. Soma waraka wake mwenyewe uone mradi ulio nyuma yake na muda wa kurudishiwa, kwani fedha utakayoihitaji mwakani kwa mahari au matibabu si ya kufungwa kwa miaka.

18. Dhahabu ya harusi imekuwa haishikiki. Itashuka?

Mwanzoni mwa 2024 wakia moja ilikuwa kama dola 2,000. Oktoba 2025 ilivuka 4,000. Kwa gramu ya dhahabu safi ni kutoka dola 64 hivi hadi zaidi ya 128. Benki kuu za nchi nyingi zimekuwa zikinunua dhahabu ili zisitegemee dola peke yake, Benki Kuu ya Tanzania nayo imo. Riba za dola zikishuka, anayeshika dhahabu isiyolipa chochote hajuti sana. Na dunia imejaa hofu.

Kwa masonara wa mjini matokeo yanaonekana mezani. Familia iliyoahidi gramu miaka miwili nyuma sasa inahangaika. Iliyoahidi kiasi cha shilingi imetimiza ahadi, ila bibi harusi amevalishwa bangili nyembamba. Sijui mtu anayeweza kusema kwa yakini kama itashuka, na anayekuuzia leo si wa kumuuliza. Linalowezekana ni kukubaliana mapema, pande zote mbili, kama ahadi ni ya uzito au ya fedha.

19. Ushuru wa Trump umetugusa?

Moja kwa moja, kidogo. Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru wa msingi wa asilimia 10, Tanzania ikiwemo, lakini Zanzibar haiuzi mengi kule. Tunaguswa kwa pembeni: biashara ya dunia ikipoa, mafuta hushuka, na bidhaa za China zilizokosa soko Marekani hutafuta masoko mengine, yakiwemo maduka ya Kijangwani.

20. Mwaka 2026 utakuwaje?

Shirika la Fedha la Kimataifa, katika makadirio ya Oktoba 2025, liliona uchumi wa dunia ukikua kwa asilimia 3.2 mwaka 2025 na 3.1 mwaka 2026. Yasome, usiyaabudu. Januari 2020 shirika hilo hilo lilikadiria ukuaji wa asilimia 3.3 kwa mwaka ule. Uchumi wa dunia ukasinyaa kwa karibu asilimia 3.

Mfanyabiashara wa visiwani mwenye nafasi ya kufuatilia mambo mawili tu, afuatilie bei ya mafuta na bei ya dola wakati wa masika. Fed hukutana mara nane kwa mwaka, na uenyekiti wa Jerome Powell ulipangwa kuishia Mei 2026; mrithi wake akishusha riba haraka, dola inaweza kulegea, nasi tukapata nafuu ya mzigo na hasara kwenye riali za Muscat. Mvua za India na Thailand zitaamua mchele. Riba ya Benki Kuu yetu naiweka nyuma ya hayo yote, kwa sababu zilizo kwenye swali la 3.

21. Kuna kijana ananiambia nimpe fedha aniuzie na kuninunulia dola mtandaoni, faida asilimia 10 kila wiki.

Usimpe. Fed yenyewe ilipofika kileleni ililipa asilimia 5 na nusu kwa mwaka mzima. Na kama anakwambia ni sarafu za kidijitali, Benki Kuu ilishatoa tangazo Novemba 2019 kwamba hazitambuliwi kuwa fedha halali nchini. Muulize kwanza mama yake kamwekezea ngapi.